Mashine ya Pili Ndiyo Iliyomwondoa Mwimbaji: Britannia ya Glasgow kutoka jukwaa hadi sinema

Jengo lenye namba 113 hadi 117 katika barabara ya Trongate, mjini Glasgow, lina ukumbi ambao mpita njia hauoni. Chini ni biashara kama biashara nyingine za mjini. Ukipanda ngazi, juu ya vichwa vya wateja, ndipo penye ukumbi wa Britannia: jukwaa dogo, sakafu ya mbao, roshani iliyozunguka pande tatu, na dari iliyobinuka kama mtumbwi uliopinduliwa. Wasanifu wake, Thomas Gildard na R. H. M. McFarlane, walilisimamisha jengo hilo mwaka 1857, na kabla muongo ule haujaisha nyimbo zilikuwa zinasikika humo. Ukumbi ulifungwa 1938. Katikati ya miaka hiyo ulikuwa ukumbi wa nyimbo na vichekesho, ukawa ukumbi wa sinema, na kwa muda mrefu ukawa vyote viwili kwa pamoja.

Kipindi hicho cha vyote viwili ndicho kinachorukwa historia inaposimuliwa. Husemwa kwa kifupi kwamba sinema ilikuja ikaziua kumbi za burudani. Britannia haikubaliani na masimulizi hayo. Filamu iliingia mle kama mgeni anayealikwa na mwenyeji, ikakaa benchi moja na waimbaji na wachekeshaji zaidi ya miaka 20, na kila hatua ya kuwasogeza wenyeji nje ilikuwa na sababu yake ya kiufundi: taa fulani, lenzi fulani, idadi ya mashine, urefu wa mkanda. Ukizijua sababu hizo unaelewa kwa nini kumbi nyingi za aina hii ziligeuzwa, na kwa nini baadhi hazikuweza kugeuka vya kutosha.

Mkusanyiko wa zamu

Ili kuona filamu ilivyoingia, anza na ukumbi ulivyokuwa kabla yake. Britannia iliweza kubeba watu wapatao 1,500, wote kwenye mabenchi ya mbao. Benchi halina idadi ya kudumu kama kiti. Idadi yake ni jinsi watu wanavyokubali kubanana. Wengi walikuwa wafanyakazi wa viwanda na wa karakana za meli, wametoka kazini wakiwa na nguo za kazi, na hawakuja kukaa kimya. Msanii asiyewaridhisha alizomewa na kurushiwa vitu. Kulikuwa na maonyesho manne kwa siku, kwa hiyo mwimbaji mmoja alisimama mbele ya umati ule mara nne kabla ya kwenda kulala.

Programu haikuwa na kisa kimoja kinachoanza na kwisha. Ilikuwa mkusanyiko wa zamu: huyu anaimba, yule anachekesha, wale wanaruka sarakasi, kisha wanaingia mbwa waliofunzwa au mtu wa mazingaombwe. Zamu moja ilichukua dakika 10, pengine 15. Mtazamaji aliweza kuingia katikati asipoteze kitu. Wenye kumbi walikuwa na mbinu ya kuzuia jukwaa lisilale: kitambaa kilichochorwa mandhari kilishushwa karibu na ukingo wa mbele, mchekeshaji mmoja akafanya zamu yake mbele ya kitambaa, huku nyuma yake mafundi wakipanga vifaa vya zamu inayofuata. Kamba, kapi na boriti za kushushia kitambaa hicho zilikuwa tayari juu ya jukwaa la kila ukumbi. Filamu ilipokuja na kuhitaji kitambaa cheupe cha kushushwa na kupandishwa haraka, hakuna aliyelazimika kujenga kitu. Kiwambo cha kwanza cha sinema katika kumbi hizi kilikuwa kitambaa kingine tu kwenye kamba zilezile.

Filamu zenyewe zililingana na mpangilio huo kana kwamba zilikatwa kwa kipimo chake. Filamu za ndugu Lumière, Wafaransa walioanzisha maonyesho ya sinema, zilikuwa na urefu wa mita 17 hivi, hazifiki dakika moja. Ukiunganisha filamu 10 au 12, na kuacha nafasi ya kubadilisha mikanda, unapata dakika 15 hadi 20, yaani zamu moja. London iliziona picha za Lumière tarehe 20 Februari 1896 katika jengo la Polytechnic la Regent Street. Kabla Machi haijaisha, kumbi mbili kubwa za burudani za Leicester Square, Empire na Alhambra, zilikuwa zimeweka picha zinazotembea kwenye programu zao. Edinburgh ilifuata Aprili, Glasgow Mei. Picha hizo za Glasgow zilionyeshwa katika uwanja wa kuteleza wa Sauchiehall Street uliosimamiwa na Arthur Hubner, ambaye muda mfupi baadaye aliichukua Britannia. Britannia nayo iliwekewa umeme mwaka 1896, ikiwa kati ya majengo ya mwanzo mjini, na mwaka huohuo picha zikaanza kuonyeshwa humo.

Umeme kwanza, picha baadaye

Umeme na picha kuja mwaka mmoja ni jambo la kulitazama kwa makini. Mashine ya filamu inaweza kuzungushwa kwa mkono, na kwa miaka mingi ilizungushwa hivyo. Tatizo ni mwanga. Picha ya mkanda ina upana wa milimita 24 hivi. Ukitaka iwe na upana wa mita 4.5 kwenye kiwambo, unaikuza mara 187 kwa upana na mara 187 kwa kimo, na mwanga uleule unasambaa kwenye eneo lililo kubwa mara 35,000 hivi. Taa ya gesi haifui dafu.

Njia ya zamani ilikuwa taa ya chokaa: kipande cha chokaa kinapashwa kwa mwali wa oksijeni na hidrojeni hadi kinawaka weupe. Ilifanya kazi, na waonyeshaji wa kuzunguka waliitumia sana, lakini ilidai mitungi au mifuko ya gesi, kipande cha chokaa kugeuzwa kila baada ya dakika chache kisije kikatoboka, na mtu mwenye roho ngumu, maana gesi hizo mbili zikichanganyika mahali pasipotakiwa hulipuka. Taa ya kaboni iliondoa yote hayo. Vijiti viwili vya kaboni hugusanishwa, umeme wa mkondo mmoja unapita, kisha vinatenganishwa kidogo na mwanga mkali unabaki kwenye pengo. Kijiti chanya huchongeka shimo dogo linalong'aa, na shimo hilo ndilo chanzo hasa cha mwanga.

Kazi ya opareta ilikuwa kulinda pengo lile. Kaboni huungua na kufupika, na chanya huliwa haraka kuliko hasi, ndiyo maana chanya ilitengenezwa nene zaidi. Pengo likiachwa kukua, mwanga huanza kutangatanga, picha inabadilika rangi, kisha taa inazimika na ukumbi wenye watu 1,500 unabaki gizani ukipiga kelele. Ukizisogeza kaboni karibu mno, uvimbe mdogo unaota kwenye ncha hasi na taa inaanza kupiga mluzi wa kuudhi. Mkono mmoja ulizungusha mashine kwa kasi ya picha 16 kwa sekunde, mkono mwingine ulikwenda kwenye kirungu cha kaboni kila mara. Anayedhani kazi hiyo ilikuwa ya kukaa na kutazama filamu bure hajawahi kuisogelea.

Pickard, na kijana wa miaka 16

Mwaka 1906 ukumbi uliangukia mikononi mwa A. E. Pickard, mtu kutoka Yorkshire ambaye Glasgow haijamsahau. Aliupa jina jipya, Panopticon, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuona kila kitu, na watu wa mjini wakaligeuza wapendavyo kuwa "Pots and Pans", sufuria na vikaango. Alitimiza ahadi ya jina hilo. Darini aliweka michezo ya sarakasi na vitu vya ajabu, chini ya jengo akaweka wanyama, na kiingilio kikawa cha mambo mengi kwa mpigo. Filamu zilikuwa sehemu ya mkusanyiko huo. Inasimuliwa kwamba alikaa juu ya ngazi kando ya jukwaa akiwarushia skrubu vijana waliofanya fujo, na kwamba wasanii chipukizi waliochosha watu walivutwa nje kwa fimbo ndefu yenye ndoano.

Mwaka huohuo wa 1906 kijana wa miaka 16 aitwaye Arthur Stanley Jefferson alipewa nafasi kwenye jukwaa hilo. Baba yake aliongoza ukumbi wa Metropole, si mbali na hapo, na hakuwa ameambiwa. Kijana alichekesha kwa mavazi aliyoyachukua kwa baba yake. Baadaye alijulikana duniani kwa jina la Stan Laurel, mmoja wa wachekeshaji wawili, yeye na Oliver Hardy, walioungana mwaka 1927. Mashabiki humkumbuka kama pambo la historia ya jengo. Mimi naona maisha yake yalipita njia ileile iliyopitwa na ukumbi: vichekesho vya jukwaani, vyenye muda uliopimwa kwa kicheko cha watu walio mbele yako, vikahamishiwa kwenye mkanda. Ucheshi wa filamu bubu ulijifunza kusubiri kicheko kutoka kumbi kama hii.

Chumba cha chuma

Filamu za wakati huo zilitengenezwa kwa selulosi ya nitrati, dada wa karibu wa baruti ya pamba. Ikiwaka inajitengenezea oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo kuifunika kwa blanketi hakuizimi, na hata ukiitumbukiza majini inaendelea kuungua. Moshi wake ni sumu. Mkanda unaopita mbele ya taa ya kaboni uko salama kwa kuwa hausimami. Ukikwama sekunde chache tu, picha iliyo mbele ya mwanga inaanza kuchemka, inatoboka, inawaka.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1909 kuhusu maonyesho ya filamu, iliyoanza kutumika Januari 1910, ililenga hatari hiyo. Kabla yake mashine iliweza kusimama katikati ya watu, kwenye meza, mkanda ukiangukia kwenye kikapu. Baada yake ilibidi ifungiwe kwenye chumba cha vitu visivyowaka: matofali, au fremu ya chuma iliyofunikwa bati na asbesto. Mlango ujifunge wenyewe. Matundu ya kupitishia mwanga na ya kuchungulia yawe na vifuniko vya chuma vinavyoweza kuangushwa kwa haraka; njia iliyozoeleka ilikuwa kuvining'iniza kwa kamba inayopita juu ya mashine, yenye kiungo cha metali laini. Moto ukitokea kiungo kinayeyuka, kamba inaachia, vifuniko vyote vinaanguka na watazamaji hawaoni mwali. Rili, yaani magurudumu yanayozungushiwa mkanda, zilifungiwa kwenye masanduku ya chuma, na mkanda uliingia na kutoka kupitia mwanya mwembamba wenye roli, ili mwali usiweze kuufuata hadi ndani.

Glasgow haikuhitaji kufundishwa hofu ya ukumbi uliojaa. Mwaka 1849 watu 65 walikufa kwenye ngazi za Theatre Royal ya Dunlop Street baada ya moto mdogo kuzua taharuki. Mwaka 1884 watu 14 walikanyagwa hadi kufa katika ukumbi wa Star, Watson Street, kwa sababu mtu alipiga kelele za moto ambao haukuwepo. Mitaa yote miwili ni mwendo mfupi kutoka Trongate. Na tarehe 31 Desemba 1929, katika mji jirani wa Paisley, rili ndani ya mkebe ilianza kutoa moshi kwenye sinema ya Glen wakati wa maonyesho ya watoto. Walikimbilia njia ya kutokea iliyokuwa na geti lililofungwa. Watoto 71 walikufa, kwa moshi na kwa kukandamizana. Chumba cha chuma kilimlinda mtazamaji dhidi ya mwali. Ngazi na milango ni jambo jingine, na ukumbi wa ghorofani kama Britannia, ambao kila mtu lazima ashuke ili atoke, unauvaa mzigo huo daima.

Chumba kikae wapi?

Hapa ndipo jengo lenyewe lilipoanza kubisha. Ukumbi wa nyimbo husanifiwa ili watu wawe karibu na mwimbaji iwezekanavyo, kwa hiyo roshani inapandishwa juu na kuzungushwa. Sinema inataka kinyume chake: watu wote waangalie mbele, na mashine iwe nyuma, usawa wa katikati ya kiwambo.

Ukiweka chumba chini, nyuma ya mabenchi, roshani inakufunika na kila mtu anayesimama anatia kivuli cha kichwa chake kwenye picha. Ukiweka nyuma ya jukwaa na kumulika kiwambo kwa nyuma, wengine walivyofanya kwa kuloanisha kitambaa ili kipitishe mwanga, unakosa umbali. Kwa jukwaa lenye kina cha mita 6 na picha ya mita 3, unahitaji lenzi ya milimita 48; lenzi fupi hivyo kwa utengenezaji wa zama zile iliacha pembe za picha zikiwa na ukungu, na maji ya kitambaa yalikauka kabla programu haijaisha. Panabaki mahali pamoja: nyuma kabisa ya roshani, juu, ukimulika kwenda chini.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mashine iko mita 6 juu ya katikati ya kiwambo na mita 18 mbele yake. Mwanga unashuka kwa nyuzi 18 hivi na kusafiri mita 19. Kwa picha ya upana wa mita 4.5, lenzi ni ya milimita 100 hivi, ambayo haikuwa shida kuipata. Shida ni mteremko. Ukingo wa chini wa picha uko mbali na lenzi kuliko ukingo wa juu, kwa hiyo unatanuka zaidi. Katika mfano huu chini panazidi juu kwa sentimita 25 hivi. Nguzo za nyumba kwenye picha zinaonekana zikikaribiana juu, na watu wanarefuka kwa asilimia 5. Tena ukilenga katikati iwe kali, juu na chini vinakuwa hafifu.

Kulikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ni kuchonga kidirisha cha chuma kilicho mbele ya mkanda kwa tupa, pole pole, hadi kingo za picha kwenye kiwambo zinyooke, kisha kuzungushia kiwambo kitambaa cheusi kinachomeza masalia. Hii inaficha tu: kingo ni nyofu lakini nguzo ndani ya picha bado zimelala. Ya pili ni kuinamisha kiwambo chenyewe, juu kurudi nyuma, kitazame mashine. Hii inatibu hasa, umbo na ukali kwa pamoja, lakini walioketi mbele chini wanaiona picha imelala chali. Mafundi wenye busara walichanganya: kuinamisha nusu, kuchonga nusu.

Kuna hasara ambayo haikuwa na dawa. Viti vya pembeni vya roshani, vile vilivyokaribia jukwaa, vilikuwa vizuri kwa nyimbo: ulimwona mwimbaji jasho likimtoka. Kwa filamu viti hivyohivyo vikawa vibaya kuliko vyote, maana kiwambo bapa ukikitazama kwa ubavu kila mtu anakuwa mwembamba kama fito. Ukumbi wenye umbo la kwato la farasi unapogeuzwa sinema unapoteza thamani ya mikono yake miwili. Ndiyo maana kumbi zilizojengwa mahsusi kwa filamu ziliachana na roshani za pembeni.

Rili, na nafasi kati ya rili

Filamu zilirefuka. Kipimo cha biashara kikawa rili ya futi 1,000, yaani mita 305. Kwa picha 16 kwa sekunde rili hiyo inakwenda dakika 16 au 17. Filamu ya rili tano inazidi saa nzima. Sasa fikiria ukumbi wenye mashine moja. Rili ya kwanza inakwisha. Opareta anafungua sanduku, anatoa, anaweka ya pili, anapitisha mkanda kwenye meno na lango, yaani kidirisha kilicho mbele ya taa, anaacha kitanzi chenye ulegevu wa kutosha juu na chini ya lango (kitanzi kikikaza mkanda unakatika kwenye vitundu, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote), anasogeza kaboni, anawasha. Dakika mbili kwa mtu hodari, nne kwa mwanafunzi.

Umati wa Trongate haukai dakika nne gizani bila kitu. Hapo ndipo mwimbaji alipobaki na kazi. Kitambaa kinapandishwa, taa za mbele zinawashwa, anaimba wimbo mmoja, mchekeshaji anaongeza maneno mawili, kengele ya chumbani inalia, kitambaa kinashuka. Huu mchanganyiko wa filamu na jukwaa uliendelea katika kumbi nyingi za Uingereza kwa miaka, na mara nyingi huelezwa kama mapenzi ya watu kwa wasanii wao. Mapenzi yalikuwepo. Lakini naamini mashine kuwa moja kulichangia zaidi ya watu wanavyokiri.

Mashine ya pili ikanunuliwa. Rili ya kwanza inapokaribia mwisho, ya pili iko tayari kwenye mashine jirani, kaboni inawaka. Alama inaonekana, moja inafungwa na nyingine inafunguliwa, na mtazamaji hajui kitu. Tangu siku hiyo pengo halipo. Mwimbaji sasa hajazi nafasi, anakatiza kisa. Mwenye ukumbi anayelipa mshahara kila wiki huliona hilo haraka.

Sauti, na majirani

Sauti ilimalizia kwa wapiga muziki. Mfumo mmoja wa mwanzo ulitumia sahani za santuri za kipenyo cha sentimita 40, zikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, sahani moja kwa kila rili ya dakika 11, kwa kuwa kasi ya filamu sasa ilikuwa picha 24 kwa sekunde. Sindano ilitupwa baada ya kila upande, na sahani yenyewe ilichoka baada ya mizunguko 20 hivi. Mkanda ukikatika opareta hakuweza kuunga tu kama zamani. Picha 10 zikipotea, midomo inatangulia maneno hadi mwisho wa rili, kwa hiyo ilibidi kuunganisha picha 10 nyeusi mahali pake, zikihesabiwa moja moja. Mfumo wa sauti iliyochapwa pembeni mwa mkanda ulishinda kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote: ukikatika, sauti na picha vinapotea pamoja.

Spika zilikaa nyuma ya kiwambo, na kiwambo kikatobolewa matundu madogo ili sauti ipite, jambo linalopoteza sehemu ya mwanga. Taa zikabidi ziongezwe nguvu. Kwa upande wa mwangwi, kumbi za zamani hazikuwa na hali mbaya. Mbao, lipu iliyochorwa na miili ya watu wengi humeza sauti, na kumbi hizi zilikuwa zimejengwa ili neno la mchekeshaji lifike mwisho. Kilichokosekana ni utulivu.

Mjini Glasgow kuna ukumbi mwingine unaosaidia kulinganisha. Coliseum ya Eglinton Street ulikuwa ukumbi wa burudani uliosanifiwa na Frank Matcham na kufunguliwa 1905, nusu karne baada ya Britannia, mkubwa, wenye nafasi nyuma na pembeni. Uligeuzwa sinema mwaka 1925, na Januari 1929 watu wa Glasgow walisikia filamu ya sauti humo. Mwaka 1963 ukawekewa Cinerama, mfumo wa mashine tatu na kiwambo cha kupinda cha nyuzi 146, kila mashine ikiwa kwenye chumba chake ili imulike bila mteremko; kwa ajili hiyo mapambo ya Matcham yalifunikwa au kuondolewa. Baadaye ukawa wa bingo, na mwaka 2009 ukateketea.

Britannia haikuwa na nafasi ya mabadiliko ya aina hiyo. Mwaka 1927 Green's Playhouse ilifunguliwa mjini na viti zaidi ya 4,000, na miaka ya 1930 Glasgow ilikuwa na sinema zaidi ya 100, nyingi zikiwa na viti vya sponji, joto, na kila kiti kikitazama mbele. Benchi la mbao la 1859 halikuweza kushindana na hayo kwa kupakwa rangi. Pickard mwenyewe alikuwa ameshajenga sinema mpya sehemu nyingine za mji. Mwaka 1938 ukumbi ulifungwa na jengo likachukuliwa na biashara ya mavazi ya kiume.

Dari ya bandia

Mafundi wa nguo walihitaji chumba chenye dari ya chini kinachopashika joto. Waliweka dari ya bandia chini ya roshani, na kila kilichokuwa juu yake kikabaki gizani kama kilivyoachwa. Hawakubomoa kwa sababu kubomoa kuna gharama na kufunika ni rahisi. Kwa karibu miaka 60 ukumbi ulihifadhiwa na uzembe huo wenye heri. Judith Bowers alipoanza harakati za kuuokoa mwaka 1997, vilipatikana kwenye nyufa za sakafu na chini ya mabenchi vitu ambavyo hakuna jumba la makumbusho lingefikiria kuviweka: pakiti za sigara, vifungo vya nguo, vijipande vya tiketi. Jengo sasa liko katika daraja A la majengo yanayolindwa na sheria ya Uskoti, na ukumbi unatumika tena, kwa nyimbo, vichekesho na filamu bubu zinazosindikizwa na muziki wa papo hapo.

Kuonyesha filamu bubu kwenye ukumbi huo kuna sharti moja linalopuuzwa mahali pengi: kasi. Filamu iliyopigwa kwa picha 16 kwa sekunde ikipitishwa kwa 24 inakwenda mara moja na nusu. Watu wanatembea kama vifaranga, na kizazi kizima kimeamini kwamba babu zao walichekea mirukoruko. Irudishe kwenye 16 au 18, kwa kutazama mwendo wa maji na wa nguo, vitu ambavyo mwigizaji hawezi kuvidanganya. Mpiga piano aketi pale anapoiona picha na kuwasikia watu kwa wakati mmoja. Na rili ikiisha, washa taa za mbele, umwache mtu aimbe wimbo mmoja kabla ya rili ya pili.